Saba ya Uongo

Mama mdogo A-Hsia hajawahi kunipa habari mbaya kabla sijashiba. Asubuhi ile, mgahawani kwake, alinisubiri nimalize chapati ya mayai, akaniongezea kikombe cha maziwa ya soya ambacho sikukiomba, kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu na kitambaa chake cha kufutia meza mkononi. Wateja wawili walikuwa wanasubiri kuhudumiwa. Hakuwatazama. Nikajua kuna jambo.

"Shikilia kiti," akasema.

"Nimeshikilia."

"Mchumba wako alikuwa hapa Jumatatu. Na msichana."

Nikacheka. "Mama mdogo, Po-jui anatengeneza fimbo za gofu. Wasichana wa gofu ndio wateja wake. Hata mimi nilikuwa mteja wake."

"Ndiyo nasema. Na wewe mlianzaje?"

Kicheko kikanikauka mdomoni.

"Miguu yake inaanzia hapa," akaendelea, akajishika chini ya kifua. "Wamekaa meza ile ya kona, vichwa vimegusana, wananong'ona. Jumanne wakaja tena. Jana tena. Na jana, A-Ching mwanangu, yule binti alikuwa ameshika fimbo yako."

"Fimbo zote zinafanana."

"Hiyo ilikuwa na uzi mwekundu wa hekaluni, ule aliofunga mama yako. Nimezeeka, sijapofuka."

Uzi ule uko kwenye fimbo moja tu, namba saba, na namba saba ndiyo roho yangu. Tangu Jumatatu mkoba wangu wote ulikuwa kwa Po-jui, ati anasafisha. Mimi nilikuwa mjini Kaohsiung nikipimwa gauni la Jumapili, kwa sababu Jumapili ndiyo siku njema aliyotuchagulia mtabiri. Jumapili watu wa kwao wangekuja na masinia ya zawadi, nami ningevishwa pete mbele ya ukoo wetu mzima wa Pan. Siku tatu tu zilikuwa zimebaki.

Niseme kweli, mimi si mtu wa kuamini upesi. Nilianza gofu nikiwa na miaka sita, kwa fimbo ambayo baba aliikata kwa msumeno ili ilingane na kimo changu. Nikaingia kwenye gofu ya kulipwa nikiwa na miaka kumi na tisa. Nikatwaa mataji matatu hapa nyumbani, kisha nikacheza Japani miaka mitano, mpaka kifundo cha mkono wa kushoto kilipoachia nikiwa katikati ya pigo. Katika miaka yote hiyo nimejifunza kwamba mchezaji anayekuambia "umepiga vizuri sana" ndiye anayekuombea mpira uingie majini. Kwa hiyo huwa nashuku. Nashuku upepo, nashuku nyasi, nashuku tabasamu. Mtu mmoja tu sikuwahi kumshuku, naye ni Tu Po-jui.

Au labda nilimshuku, nikajikataza.

Zamani nilikuwa nakaa karakanani kwake mchana kutwa, juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikila matufaha kutoka shamba la mama huku yeye akisaga vyuma. Alikuwa akinyanyua macho kila baada ya muda, ananitazama juu ya miwani yake ya kazi, anatabasamu, anarudi kwenye chuma chake. Hapo ndipo nilipompenda. Baada ya kupasuliwa mkono akanipiga marufuku. "Vumbi la chuma litakuingia kwenye kidonda," akasema. Kidonda kikapona. Marufuku ikabaki. Droo zikaanza kufungwa kwa ufunguo. Nikimwuliza, anasema, "Siri ya kazi, bibi harusi." Nilipolalamika kwamba mipira yangu siku hizi inaruka chini chini, akasema ni mipini mipya, nitaizoea. Nikanyamaza, maana mipira ilikuwa inafika. Mpira ukifika, nani anauliza njia uliyopita?

Tena ilikuwa inafika kweli. Tangu nirudi uwanjani Juni iliyopita, mashindano manane, sikuwahi kutoka nje ya kumi bora. Magazeti yaliandika kwamba mkono wa Pan Yueh-ching umefufuka. Aprili ningekwenda Japani kufanya mtihani wa kurudi kwenye mfululizo wao wa mashindano. Nilikuwa nimeshapanga chumba huko.

"Unafikiri nini?" Mama mdogo akaniuliza.

"Nafikiri ni mteja."

"Mteja hashikishwi fimbo ya mke wa mtu." Akasimama, akavua aproni, akawageukia wale wateja wawili. "Tumefunga. Mpwa wangu anakwenda kukamata nyani."

Wateja hawakuuliza nyani gani. Kwetu kila mtu anajua kwamba kukamata nyani ni kumfumania mume au mchumba. Mmoja wao, mzee wa makamo, akatuombea heri.

"Mama mdogo, huo mwiko wa jikoni wa nini?"

"Nyani wengine wana meno," akasema, akauchomeka mwiko kiunoni, akawasha pikipiki.

Njiani, kwenye taa nyekundu, akatoa simu akaongea maneno mawili matatu na kuikata.

"Umempigia nani?"

"Baba yako. Miaka miwili anatafuta sababu ya kumpiga huyo kijana. Ni haki yake awepo."

Hilo lilikuwa kweli. Baba hakuwahi kumkubali Po-jui. "Mtengeneza fimbo anakula fimbo zikivunjika," alikuwa akisema mezani, akitafuna tambuu, "siku mkono wako ukivunjika, atakula nini?" Wakikutana, Po-jui husema, "Shikamoo, Baba," na baba hukohoa. Hicho kikohozi ndicho kilichokuwa salamu yake kwa miaka miwili. Nilipomwambia nitachumbiwa, alikohoa mara mbili akaenda kumwagilia matufaha.

Karakana ya Po-jui iko mwisho wa barabara ya Wandan, na nyuma yake kuna shamba la maharage mekundu. Maharage yalikuwa yameshavunwa, udongo mtupu, na katikati ya udongo Po-jui alikuwa amesimika mwanzi wenye bendera. Tulizima pikipiki mbali. Tulisikia sauti ya mpira ukipigwa, sauti safi kabisa, ya chuma kilichokutana na mpira mahali pake. Mimi nimeishi na sauti hiyo miaka ishirini na mitano. Nikahisi wivu hata kabla sijaona mtu.

Tukazunguka ukuta, Mama mdogo mbele na mwiko wake.

Msichana alikuwa amevaa sketi nyeupe. Miguu yake, kwa kweli, ilianzia pale pale aliposema Mama mdogo. Alikuwa na fimbo yangu, uzi mwekundu ukining'inia. Po-jui amesimama nyuma yake, mikono kifuani, anamtazama. Sijali angemshika kiuno. Ningeweza kuvumilia kiuno. Kilichonichoma ni macho. Alikuwa anamtazama anavyozungusha mabega, anavyoachia mkono, anavyoufuata mpira kwa kidevu, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho sijakiona kwa muda mrefu. Ni vile alivyokuwa akinitazama mimi nikiwa juu ya ndoo.

"Nyani kakamatwa!" Mama mdogo akapiga ukelele.

Msichana akaruka. Fimbo ikamtoka. "Shangazi, mimi nimeitwa kupiga mipira tu!"

"Mipira ya nani?"

"Mipira ya... hii hapa, Shangazi!" Akaonyesha ndoo iliyojaa mipira.

Kisha akaniona. Akaweka mikono miwili mdomoni, akainama mpaka nywele zikagusa magoti. "Dada Ching! Mimi ni Yu Hui-wen, nimeingia kwenye kulipwa mwaka huu. Nina picha yako ukutani tangu nikiwa darasa la tano. Kaka Po-jui hakuniambia kwamba utakuja!"

"Naona hakukuambia."

"A-Ching," Po-jui akasema. Rangi ilikuwa imemtoka. "Mbona hukupiga simu?"

"Nyani hapigiwi simu," Mama mdogo akajibu kwa niaba yangu.

Nikaiokota fimbo. "Hui-wen, unafanya nini na saba yangu?"

Maskini, alikuwa na miaka ishirini na miwili na hajui kuogopa mahali pa kuogopa. "Dada, hilo ndilo nilikuwa namwambia Kaka. Hii si saba. Saba yangu mimi inaangukia kwenye bendera, yadi mia moja hamsini na tano, kila mara. Hii inapita bendera inakwenda mpaka kwa jirani. Uso wake umesimama sana. Hii ni tano, Dada. Mtu kakosea akaigonga saba."

"Hui-wen," Po-jui akasema, "nyamaza."

Angemwachia aendelee huenda ningedhani msichana ni mjinga. Lakini alisema nyamaza, na sauti aliyosemea sikuwa nimewahi kuisikia.

Kila fimbo ina namba. Namba ikiwa ndogo, uso wa chuma umesimama na mpira huenda mbali, tena chini chini. Ikiwa kubwa, uso umelala na mpira hupanda juu na kuanguka karibu. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Mimi nikaushika uso wa fimbo yangu mbele ya macho, nikaugeuza kwenye jua, nikaona nilichokuwa nimekataa kukiona kwa miezi minane.

Niliingia karakanani bila kukaribishwa. Kwenye jiliwa kulikuwa na kichwa cha fimbo kimebanwa, namba yake imesagwa nusu. Ilikuwa sita. Kando yake, juu ya kitambaa, ilikuwa nyundo ndogo na muhuri wa chuma wenye namba nane. Droo ilikuwa wazi. Humo mlikuwa na fimbo zangu za zamani, zile zilizonipa mataji, zimefungwa moja moja kwenye taulo kama watoto waliolala.

Po-jui alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Juni."

"Juni ndipo niliporudi."

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote za chuma. Tano inaitwa saba. Sita inaitwa nane. Nimekata mipini ili urefu usikushtue."

"Kwa hiyo nilipomwambia yule mwandishi wa gazeti kwamba saba yangu ni ile ile..."

"A-Ching."

"Nilipomwambia mama kwamba mungu amenirudishia mkono, akachinja kuku watatu akaenda kushukuru hekaluni! Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa umesimama kando yangu na vijiti vya ubani mkononi! Ulikuwa unamshukuru nani?"

"Nilikuwa naomba anisamehe."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika ile mikono yake yenye makovu ya cheche na kulia juu yake, na hilo ndilo lililonizidishia hasira. Nikamwonyesha msichana kwa kidevu. "Na huyu?"

"Mkono wako unaendelea kupungua. Kidogo kidogo, lakini unapungua. Kabla ya Japani nilitaka nikutengenezee seti mpya, nyuso zisimame zaidi kwa digrii mbili. Nilihitaji mtu wa kunionyesha saba ya kweli inavyopaa. Nilihitaji mtu anayepiga kama..."

"Kama nani?"

Akafuta mafuta vidoleni kwa shati.

"Kama nani, Po-jui?"

"Kama wewe," akasema. "Kama ulivyokuwa unapiga."

Mama mdogo alishusha mwiko. Nami nikamtazama yule msichana nje mlangoni, mabega yake mapana, viganja vyake vigumu, namna anavyosimama uzito kwenye mguu wa kulia, nikajiona. Nilikuwa nimekuja kumfumania mchumba wangu na mwanamke mwingine, na mwanamke mwenyewe ni mimi, wa miaka tisa iliyopita. Utashindanaje na huyo? Huwezi hata kumtukana.

Pikipiki ya baba ikalia barabarani. Aliingia na kofia ngumu kichwani, shavu limejaa tambuu, anapumua kwa nguvu.

"Shemeji, mpige!" Mama mdogo akasema, ingawa moyo wake haukuwa humo tena. "Amemdanganya mtoto! Fimbo zote ni za uongo!"

Baba yangu hupiga kelele kijiko kikianguka. Aliwahi kumfokea mwamuzi wa mashindano mbele ya kamera. Nikamngoja. Aliitazama meza, akaitazama droo iliyo wazi, akakitazama kichwa kile kwenye jiliwa. Hakuuliza ni nini. Akavua kofia yake taratibu, akamgeukia Po-jui, akasema kwa sauti ya chini:

"Nilikuambia ufunge mlango."

Sikuelewa mara moja. Nadhani sikutaka. Watu wawili ambao hawajasalimiana kwa miaka miwili, na katika dunia nzima walikuwa wamekubaliana jambo moja tu, nalo ni kunidanganya mimi.

"Baba?"

"Ulikuwa huli," baba akasema. "Baada ya upasuaji. Ulikuwa umelala unatazama ukuta. Ulisema saba isipofika kwenye bendera, huna maisha. Ulisema hivyo, A-Ching, kwa mdomo wako. Nikamwendea huyu. Nikamwomba."

"Ulimwomba? Wewe? Yeye unayemkoholea?"

"Nilipiga magoti," baba akasema, akatazama pembeni, akatema tambuu kwenye kikombe cha karatasi kwa uangalifu mkubwa. "Hakutaka. Alikataa siku nne."

Nilimtazama Po-jui. Alikuwa ananiangalia mkono wa kushoto, kifundo, kile ambacho nilikuwa nimekishika bila kujua.

"Nipe saba yangu," nikasema.

"Ni ya nini sasa?"

"Nipe saba yangu, Po-jui."

Akaingia hatimaye. Akaitoa kwenye taulo. Ilikuwa imepakwa mafuta, haina hata doa la kutu. Miezi minane alikuwa ameitunza kama mtu anayengoja mwenyewe arudi. Alipoinyoosha kwangu vidole vyetu viligusana, na moyo wangu, huo msaliti, ukaruka kama siku ya kwanza.

Nikatoka nje. Hui-wen akanipisha, akanipangia mpira mwenyewe, akarudi nyuma mikono mgongoni. Nikasimama, nikatazama bendera, nikapiga.

Nilipiga vizuri. Hilo ndilo lililokuwa baya. Ningekosea ningekuwa na cha kusingizia. Lakini chuma kilikutana na mpira mahali pake, mabega yalizunguka, mpira ukapaa juu, mrefu, mzuri, upaaji ule wa zamani ambao nilikuwa nimeusahau, ukaelea, kisha ukashuka mapema kwenye udongo mtupu. Mbali sana na bendera. Mipira ya Hui-wen ilikuwa imejazana chini ya mwanzi, myeupe. Wangu ulikuwa peke yake.

Nikapiga wa pili. Ukaanguka kando ya wa kwanza. Wa tatu, hivyo hivyo. Kifundo kikaanza kuwaka moto.

Sikulia. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri. Kama mkono umebaki hivi, basi umebaki hivi. Wapo wanaoshinda kwa fimbo ndefu kwa umri wangu. Nitabeba tano nikijua ni tano. Nitajifunza upya kupiga chini ya upepo, nitacheza karibu na shimo, nitakwenda Japani au nitabaki nyumbani, lakini nitakwenda na mkono wangu mwenyewe. Na nikafikiri, niseme kweli, kwamba nitamsamehe. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe. Mtu aliyekataa siku nne, akakubali kwa sababu mzee amepiga magoti, nitamfanya nini? Kilichobaki ni kitu kidogo tu. Nilitaka kukisikia kutoka kwake.

Nikageuka. Alikuwa na darubini yake ya kupimia jichoni, anatazama mipira yangu.

"Ngapi?" nikamwuliza.

Akaishusha. "Mia moja arobaini."

Alisema bila kusita, kwa sauti ile ile ya upole anayonisemea kila siku. Na nusura niamini. Yadi kumi na tano pungufu, si mbaya, zinavumilika. Kila mtu pale alipumua. Baba alipumua. Mama mdogo akasema, "Basi, si mbali hivyo!"

Lakini mimi, nilishasema, nashuku.

Nikaiweka fimbo chini nikaanza kutembea. Nilivyofundishwa na baba kwenye matuta ya mpunga, kwa kamba yenye mafundo, hatua yangu moja ni yadi moja, wala haijawahi kubadilika. Nilitembea kwenye udongo laini, viatu vikizama, nikihesabu kwa sauti ili nisijidanganye na mimi. Mia moja na kumi. Mia moja na ishirini. Mia moja na thelathini. Nilipofika mia moja thelathini na nne, mipira yangu mitatu ilikuwa miguuni pangu.

Mashamba ya Wandan ni tambarare, hakuna pa kujificha. Nikarudi.

Sasa nataka msomaji anielewe. Nilimpa nafasi nyingine. Nilisimama mbele yake karibu kiasi cha kusikia harufu ya mafuta ya chuma kwenye shati lake, harufu niliyotaka kuamka nayo maisha yangu yote, nikamwangalia machoni, nikamwuliza taratibu kama mtu anayemwomba mwenzake maji.

"Ni ngapi, Po-jui?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mia moja arobaini," akasema.

"Nimehesabu."

"Najua umehesabu. Nimekuona."

"Basi kwa nini?"

"Sijui," akasema. "Nikikuona uso ukianguka, namba inatoka yenyewe. Mdomo wangu umeshazoea kukupenda hivyo."

Mama mdogo akajifuta macho kwa kile kitambaa cha meza, ambacho kumbe alikuwa amekuja nacho. Hui-wen alikuwa analia waziwazi, kama mtoto.

"Yadi sita," nikamwambia. "Nilikuwa nakuomba yadi sita tu."

"Jumapili nitasema kweli mbele ya ukoo wote. Nitasema kila kitu. Nitagonga namba zote upya, leo, mbele yako. A-Ching, nisikilize..."

"Na mwaka kesho? Daktari akikuambia kitu kuhusu huu mkono, utaniambia? Mtoto akiumwa, utaniambia? Siku ukinichoka, utaniambia, au utaniongezea yadi sita?"

"Sitakuchoka."

"Unaona?" nikasema. "Hata hilo sijui kama ni mia moja thelathini na nne."

Alinyanyua mkono kama anayetaka kunigusa shavu, nami nilitaka anishike, Mungu wangu, nilitaka. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Jumapili msije," nikasema.

Niliingia ndani nikazitoa fimbo zangu kwenye taulo moja baada ya nyingine, nikazitia kwenye mkoba, za zamani na zile za uongo, zote. Hakuna aliyenisaidia, na nilipoutupa mkoba begani kifundo kilinikumbusha kwamba hakijapona wala hakitapona. Baba akanifuata mpaka barabarani. Nilidhani atanishukuru. Miaka miwili alikuwa anaiombea siku hii.

"A-Ching," akasema. Akakohoa. Kwa mara ya kwanza kikohozi kilikuwa cha kweli. "Kijana ni mzuri."

"Najua, Baba."

"Hutapata mwingine anayekupenda hivi."

"Najua," nikamwambia, nikaanza kutembea. "Ndiyo maana naondoka haraka."